Kisu Ndani ya Buti la Mvua

Asubuhi zangu zote zilianza kwa ufagio. Kabla ya kwenda shule nilifungua duka la Baba, nikafagia vipande vya ngozi vya jana, nikaokota misumari midogo kwa sumaku, kisha nikapanga viatu: vilivyokwisha kutengenezwa upande wa dirishani, vinavyongoja upande wa ukutani. Baba yangu ni fundi viatu. Duka letu ni chumba kimoja chenye mlango wa bati unaotazama barabara, na nyuma yake kuna vyumba viwili tunamolala. Harufu ya gundi huanzia mlangoni na kuishia kwenye mito yetu.

Zamani kazi hiyo tuliifanya wawili. Kaka yangu, kijana wa miaka kumi na tisa, ndiye aliyebeba meza kuitoa nje, huku akinitania njia nzima. Aliniita Gundi kwa sababu nilimganda kila alikokwenda. Mama alifariki nilipokuwa na miaka minne, kwa hiyo sikuwa na mwingine wa kumganda.

Tangu Kaka akamatwe, meza niliikokota peke yangu. Baba aliingia, akaketi, akainamia kiatu. Kuna siku ambazo maneno yake yote tangu asubuhi mpaka jioni ningeweza kuyahesabu kwa vidole. "Umekula?" "Lete uzi." "Funga mlango." Wateja nao walipungua. Waliokuja walisimama mlangoni, wakanyoosha mkono wenye kiatu na kuondoka upesi, kana kwamba wizi huambukiza kama mafua.

Shuleni hakukuwa na nafuu. Nilikuwa na rafiki niliyemwita Pacha, maana tulizaliwa wiki moja. Tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Jumatatu moja nilimkuta amehamia dawati la mbele. Nilipomtazama alijifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba, akatafuta mpaka mwalimu alipoingia. Wakati wa mapumziko mvulana mmoja alipaza sauti, "Ficheni kalamu zenu, dada wa jambazi huyo anakuja!" Wote wakacheka. Mimi nilikwenda nyuma ya maktaba nikala kiazi changu huko, na tangu siku hiyo nikawa nakula huko kila siku. Ukiwa mpweke unajua mambo mengi ya ajabu. Mimi nilijua kuwa ukuta wa nyuma wa maktaba una matofali mia mbili na kumi na sita.

Sasa nieleze kilichotokea, na sehemu yangu nisiifiche.

Ilikuwa Alhamisi. Baba alikuwa amekwenda upande wa pili wa mji kununua soli. Kaka alitumwa kumpelekea mteja viatu vyake, viatu vya kike vyenye bizimu pana za chuma mbele, zilizong'arishwa mpaka ungeweza kujitazama. Alivining'iniza mkononi akaondoka. Mimi nilikuwa nimetoka shule, naye akaniachia duka, pamoja na mteja mmoja aliyekuwa akimngoja Baba. Huyo alikuwa Mzee Kengele, aliyegonga kengele ya shule yetu kwa miaka ishirini na minane kabla ya kustaafu. Aliketi kwenye kiti cha wateja, mguu mmoja una kiatu na mwingine una soksi iliyotoboka kidoleni.

Duka letu lilikuwa na amri moja kubwa: mtoto haruhusiwi kugusa kisu cha ngozi. Kilikuwa kimoja tu, kifupi na kipana, mpini wake umezungushiwa uzi uliopakwa nta. Baba alipewa na fundi aliyemfundisha kazi, na mtaa mzima ulikijua. Lakini mkanda wa mkoba wangu wa shule ulikuwa umekatika, na pale mezani palikuwa na kipande kizuri cha ngozi. Nikakichukua kisu.

"Wee mtoto," akasema Mzee Kengele, "utajikata kidole, halafu ionekane mimi nimekaa hapa nakutazama."

"Sijikati, babu."

"Wote waliokatika vidole walisema hivyo hivyo."

Nilikuwa nimefika katikati ya ngozi wakati mwanafunzi wa mchomeleaji wa jirani alipoingia akihema. "Kaka yako kakamatwa!" akasema. "Kampora Mama Karani mkoba kwenye kichochoro cha ofisi ya maji! Mama wa watu kaanguka. Wanasema alikuwa na kisu!"

Mzee Kengele aliingiza mguu ndani ya kiatu chake kibovu, akatoka kwenda kutazama. Nikabaki peke yangu, kisu kimo mkononi mwangu.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Niliwaza: wanatafuta kisu, na wakikikuta hapa watasema ndicho hiki. Leo najua kuwa kisu hakiwezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, lakini hofu haikai chini ikafanya hesabu. Juu kabisa ukutani tulikuwa na rafu ya viatu vilivyosahauliwa, vile ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Kulikuwa na buti la mvua lisilo na mwenzake. Nilipanda juu ya kiti, nikakitumbukiza kisu humo, nikasindilia matambara juu yake.

Polisi walikuja jioni pamoja na Baba. Aliyeongoza alikuwa mpelelezi mwanamke, mwenye sauti ya chini na daftari jeusi.

"Fundi," akasema, "kisu chako cha kazi kiko wapi?"

Baba alinyoosha mkono mezani bila kutazama, jinsi mtu anavyojikuna sikio lake mwenyewe. Mkono ukagusa mbao tupu. Akatazama. Akafungua sanduku la zana, akapekua chini ya ngozi, akainama chini ya meza.

"Asubuhi kilikuwa hapa," akasema.

"Na wewe binti, umekiona?"

"Sijakiona, Afande."

Aliandika. Nami, nisidanganye, nilijiona shujaa. Niliamini kuwa kisu kikikosekana, kosa nalo litakosekana, na Kaka atarudi nyumbani kabla ya Jumapili.

Mambo yakageuka kichwa chini miguu juu. Polisi walipoondoka, Baba aliketi kwenye kiti cha wateja, mahali ambapo sikuwahi kumwona akiketi. "Wizi ningeumeza," alisema. "Ungenikaba, lakini ningeumeza. Lakini kuchukua kisu nilichowalishia nyinyi, akamtishie mama wa watu nacho! Hapana. Huyo simjui."

Nilifungua mdomo niseme. Maneno yakafika kwenye meno, yakarudi. Kusema kungekuwa kukiri mambo matatu kwa pamoja: nimegusa kisu, nimekificha, nimemdanganya polisi. Nikanyamaza siku ile. Siku ya pili ikawa vigumu zaidi, kwa sababu sasa nilipaswa kueleza pia kwa nini nilinyamaza jana. Uongo ndivyo ulivyo.

Kaka aliwekwa mahabusu. Watoto hawaruhusiwi kuingia huko bila mtu mzima, na mtu mzima wangu hakutaka kwenda. Wiki ikapita, ikaja nyingine, mwezi ukaisha. Kila Jumapili, siku ya kuwaona mahabusu, Baba alinoa kisu kipya alichokinunua, akakinoa hata kisipohitaji kunolewa. Nami niliketi mlangoni nikitazama watu wakipita na vikapu vya chakula, nikijua wanakokwenda. Nilitamani Kaka arudi aniite Gundi tena.

Mwezi wa pili, siku ya Jumamosi, alikuja wakili. Alikuwa dada mwembamba mwenye faili nene, kazi yake kuwatetea watu wasio na uwezo wa kuajiri wakili. Alipokanyaga kizingiti, kisigino cha kiatu chake kikalegea. Baba anaweza kumnyamazia binadamu, lakini kiatu kinachoumwa hawezi kukinyamazia. Akanyoosha mkono, akakipokea bila neno. Kwa hiyo wakili alitueleza habari zote akiwa na kiatu kimoja mguuni.

"Mzee, kesi ya mwanao itasikilizwa wiki mbili zijazo. Ameshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha."

"Kwani wizi si wizi?" Baba aliuliza, macho yake yako kwenye kisigino.

"Hapana, mzee. Sheria haiyaweki makosa yote kwenye kapu moja. Mtu akichukua mkoba uliosahauliwa kwenye benchi, huo ni wizi. Anaweza kufungwa, au akatozwa faini, inategemea. Akimsukuma mwenye mkoba au kumtisha ili auchukue, hilo sasa ni kosa jingine, zito zaidi. Huo ni unyang'anyi. Na akifanya hivyo huku ana kisu, au panga, au bunduki, kosa limepanda ngazi tena. Hapo hata dhamana hapewi. Akipatikana na hatia, ni miaka thelathini."

Nyundo ya Baba ikasimama hewani.

"Hakimu hawezi kumhurumia?"

"Kwa kosa hilo, sheria yenyewe imeshataja idadi ya miaka. Hata hakimu akihurumia, hawezi kupunguza."

Nilikuwa nimejibanza kando ya rafu. Sikujua kuwa nitazungumza mpaka niliposikia sauti yangu. "Lakini Mama Karani hakukatwa. Kwa nini kisu kiongeze yote hayo?"

Wakili aligeuka, akanitazama vizuri. "Umeuliza swali ambalo hata wakubwa hawaulizi. Ni kwa sababu ya kile ambacho kingeweza kutokea. Anayekwenda kupora na kisu amekwisha kukubali moyoni kuwa mtu anaweza kufa kwa ajili ya mkoba. Sheria huuliza: ulifanya nini? Ulikusudia nini? Ulitumia nini? Na mwenzako amepata madhara gani? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayotenganisha kosa dogo na kosa kubwa."

"Na kisu hakikuonekana," nikasema.

"Hapo ndipo penye shida! Kaka yako anasema kisu kilibaki hapa dukani. Mama Karani anasema aliona kitu kinang'aa. Polisi wakaja hapa, kisu hakipo. Sasa wewe ungekuwa hakimu, ungesema kimekwenda wapi? Ungesema alikuwa nacho, akakitupa alipokuwa akikimbia. Siku ile kingekutwa mezani, mashtaka yangekuwa mengine kabisa."

Nilihesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo iliyokuja kichwani. Miaka thelathini: Kaka angekuwa na arobaini na tisa. Mimi ningekuwa na arobaini na miwili. Baba angekuwa na themanini na mmoja, kama angekuwapo. Na aliyefanya hayo yote si kisu. Ni mimi, kwa mikono yangu miwili, nikidhani naokoa.

Wakili alivaa kiatu chake, akakanyaga kwa majaribio, akashukuru. Alipofika mlangoni alisita. "Mzee, kila nikimtembelea mwanao ananiuliza swali moja tu: Baba amekuja? Namjibu, bado."

Baba alichukua kiatu kingine, akaanza kugonga msumari ambao ulikuwa umeshaingia.

Siku tatu sikula chakula kikashuka. Jumanne mwalimu wetu alinikuta nyuma ya maktaba, akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema ndiyo. Huo haukuwa uongo. Akaniruhusu nirudi nyumbani, na njiani nilijiambia kuwa nikifika mlangoni nisisimame, nisivue mkoba, nisinywe maji, kwa sababu nikifanya chochote kati ya hayo nitapata nafasi ya kuogopa.

Nilipanda juu ya kiti, nikalishusha buti, nikaliweka mezani mbele ya Baba.

"Hilo halina mwenzake," akasema. "Lirudishe."

"Tia mkono ndani, Baba."

Akautia. Akatoa matambara, akarudisha mkono, na nikaiona sura yake ikibadilika. Vidole vyake vilikuwa vimekigusa kile kisu, na vikakitambua kabla hajakitoa.

"Nani kaweka?"

"Mimi."

Nikamweleza yote: mkanda wa mkoba, Mzee Kengele, mwanafunzi wa mchomeleaji, hofu, uongo kwa Afande. Nilingoja kofi. Kofi lingenisaidia. Baba hakunigusa. Aliuliza tu, polepole, "Siku ile, kutwa nzima, kilikuwa humu dukani?"

"Kilikuwa mkononi mwangu, Baba. Mzee Kengele alikiona."

Baba alifunika uso kwa mikono yake iliyojaa gundi, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata Mama alipofariki, au labda nilikuwa mdogo sana kukumbuka. "Miezi miwili," alisema. "Miezi miwili nimekaa hapa nikimchukia mwanangu kwa jambo ambalo hakulifanya."

"Nisamehe, Baba."

"Msamaha wangu haukutoshi. Kuna kaka yako, kuna polisi, kuna na yule mama. Funga duka."

Kituoni Afande alinisikiliza bila kunikatiza. Alikipokea kisu, akakitia kwenye mfuko, akaandika karatasi juu yake. Kisha akaweka kalamu chini.

"Unajua kuwa kuficha ushahidi na kumdanganya polisi navyo ni makosa ya jinai?"

"Nimejua sasa, Afande. Nitafungwa?"

"Una umri gani?"

"Miaka kumi na miwili."

Aliichukua kalamu tena, akaandika umri wangu. "Sheria hutazama umri. Hutazama pia kama mtu amekuja mwenyewe au ameletwa. Wewe umekuja mwenyewe. Sitakufungulia mashtaka. Lakini usitoke hapa ukidhani lilikuwa jambo dogo. Ulikuwa umebakiza siku chache tu umfunge kaka yako miaka thelathini."

Kazi iliyofuata ilikuwa yake. Alikwenda kwa Mzee Kengele, naye akafoka kwelikweli. "Miezi miwili hamkuniuliza! Mimi nilidhani fundi ana visu vingi, na kijana alichukua kingine. Nilikiona kile kisu chenye uzi wa nta tangu nilipoketi, mezani kisha mkononi mwa huyu mtoto, mpaka habari ilipofika. Na msinifundishe saa, nimegonga kengele miaka ishirini na minane!" Akatia sahihi karatasi, kisha akalalamika kuwa kiatu chake bado hakijashonwa.

Siku ya kesi tulifika mahakamani mapema. Kwenye benchi la nje alikuwa ameketi Mama Karani, mwanamke mnene mwenye miwani, goti lake limefungwa bendeji. Nilimwamkia, akaitikia. Nikaketi kando yake, naye akaanza.

"Ndiwe mdogo wake?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi niliona kitu kinang'aa mkononi mwake. Na huyo mtoto wa fundi nilikuwa namjua. Nikajisemea, fundi viatu haendi popote bila kisu chake, basi ndicho. Nikapiga kelele, kisu! Juzi Afande amenionyesha vile viatu kaka yako alivyovidondosha pale kichochoroni. Vina bizimu kubwa za chuma. Nikatazama sana. Ndizo nilizoziona." Akavua miwani, akaifuta. "Nimesema ukweli kwa sababu ni ukweli. Si kwamba nimesahau. Mpaka leo sipiti kile kichochoro. Nikisikia mtu anakimbia nyuma yangu, naegemea ukuta mpaka apite."

Miezi miwili nilikuwa nimemlilia Kaka, nimemlilia Baba, nimejililia mwenyewe. Mama huyu sikuwahi kumfikiria hata mara moja. Nilimwambia pole, na nikaona aibu kwa jinsi ilivyochelewa.

Ndani, mwendesha mashtaka alisimama akaieleza mahakama kuwa upande wake umebadilisha shtaka. Neno "silaha" likaondolewa. Ukabaki unyang'anyi. Kaka alikuwa amekonda, shati limemlegea mabegani. Hakimu alimuuliza kama shtaka ni kweli.

"Ni kweli, mheshimiwa," akasema. "Niliitaka simu iliyokuwa ndani ya mkoba wake. Nilimsukuma. Naomba radhi."

Hakimu aliandika kitambo kirefu, kisha akainua kichwa. "Mahakama haiwezi kukuadhibu kwa kisu ambacho hukuwa nacho. Lakini haiwezi pia kujifanya haikuona uliyoyafanya. Ulimwangusha mtu mzima kama mama yako, ukamjeruhi, ukamwondolea amani ya kutembea katika mtaa wake. Umekiri, na hili ni kosa lako la kwanza. Nimeyatazama hayo. Utatumikia kifungo cha miaka mitatu."

Miaka mitatu. Wakili alinishika bega kwa furaha, maana kwake ule ulikuwa ushindi. Mimi nililia kwa sauti. Asubuhi ile, kabla hatujatoka, nilikuwa nimeanika blanketi la Kaka juani ili alikute safi. Nilikuwa nimejiaminisha kuwa nikisema ukweli atarudi nami siku ile ile.

Shuleni habari zilifika kabla yangu, kama kawaida ya habari. Wengine waliacha kunizomea, wengine hawakuacha. Pacha hakurudi kwenye dawati letu. Ila Ijumaa aligeuka akaniomba rula, na aliponirudishia alisema ahsante, akitaja na jina langu. Nikaona ni mwanzo, na sikutaka kuuharakisha.

Jumapili iliyofuata Baba aliniamsha mapema. Alikuwa amevaa shati lake la kola na viatu alivyojishonea mwenyewe. Tulifika gerezani lango likiwa bado limefungwa. Baba alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Tulisimama muda mrefu. Jua lilianza kupanda ukutani. Nilikuwa na swali lililonikaa rohoni tangu mahakamani, nikalitoa.

"Baba, mimi nimesema ukweli, na bado Kaka amefungwa. Sasa ukweli umesaidia nini?"

Alitazama viatu vya watu waliokuwa nyuma yetu, jinsi anavyofanya anapotafuta maneno.

"Mteja akinijia," alisema, "huwa napima mguu wake kwanza. Sikati ngozi kwa kumpenda, wala kwa kumchukia. Mguu ukiwa mdogo nikamshonea kiatu kikubwa, ataanguka njiani. Adhabu nayo ni hivyo hivyo. Inapaswa ienee kosa, isizidi, isipungue. Kaka yako alitenda kosa la miaka mitatu. Wewe kwa kumpenda, na mimi kwa kumkasirikia, tulikuwa karibu kumvisha la miaka thelathini. Ukweli haukuja kumtoa gerezani, mwanangu. Umekuja kumpa kipimo chake. Akishakitumikia atatoka akiwa kijana, na hakuna atakayemdai la zaidi."

"Na kama angekuwa kweli na kisu?"

"Ungesema pia. Ungelia, nami ningelia, lakini ungesema. Ukimpenda mtu usimwibie ukweli wake, hata kama unadhani unamfanyia wema. Na jambo likikutisha, mwambie mtu mzima siku ile ile, kabla halijaota mizizi. Mimi nami nimejifunza. Nilihukumu kabla ya hakimu, na sikumuuliza mwanangu hata swali moja."

Lango likafunguliwa. Askari aliandika majina yetu, akapekua kikapu chetu, akatuelekeza kwenye chumba chenye meza ndefu na madirisha ya nondo. Tukakaa. Mlango wa upande wa pili ukafunguka, wakaingia wafungwa watatu, na wa mwisho alikuwa Kaka.

Aliniona mimi kwanza, akaanza kutabasamu. Kisha akaona nani ameketi pembeni yangu, akasimama palepale alipokuwa, mpaka askari akamgusa bega asogee.

Baba aliinuka. Alikuwa amejiandalia maneno mengi njiani, nilimsikia akiyanong'ona, lakini yote yalimpotea.

"Nimechelewa, mwanangu," akasema.

"Umefika, Baba," Kaka akajibu, akavuta kiti, akakaa karibu nasi.